Stesheni ya zamani ya reli ya Madina: kwa nini njia iliishia pale, na hujaji wa Lamu aliikosaje

Mleta uzi (Lamu)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila msimu wa hija na umra unapokaribia, tunaulizana hapa mambo ya nauli, viza na hoteli, na ni haki yetu kuulizana. Leo naomba tulizungumze jengo moja la Madina ambalo wengi wetu hupita mbele yake ndani ya basi bila kuambiwa ni nini. Ni stesheni ya zamani ya reli ya Hijazi (Hijazi ni nchi ya Makka na Madina), iliyoko Anbariya, upande wa kusini-magharibi wa Msikiti wa Mtume (s.a.w.), mwendo ambao mtu mzima mwenye afya huumaliza kwa miguu bila taabu.

Habari za stesheni hii zimeandikwa sana na watu wanaoitazama kutoka Istanbul, Damascus au London. Mimi nataka tuitazame kutoka huku kwetu kusini, kwa sababu ukiitazama kutoka Lamu huwezi kukwepa jambo moja: reli ile ilijengwa kwa jina la mahujaji wa dunia nzima, lakini kipande cha Madina hadi Makka, ambacho hujaji wa pwani yetu alikihitaji, hakikujengwa, na alikingojea miaka 110.

Nianze na chanzo chake. Mwaka 1900 Sultani Abdul Hamid wa Pili, mtawala wa dola ya Uthmani, alitangaza kwamba itajengwa reli kutoka Damascus hadi miji miwili mitukufu. Mtu anayetajwa sana kuwa nyuma ya wazo hilo ni katibu wake, Izzat Pasha al-Abid, mzaliwa wa Damascus. Dola ilikuwa imeelemewa na madeni ya mabenki ya Ulaya, hivyo sultani akaamua kwamba reli hii haitajengwa kwa mkopo wa mgeni, bali kwa michango ya Waislamu. Yeye mwenyewe akatoa, watumishi wa serikali wakakatwa sehemu ya mishahara, stempu maalumu zikachapishwa, ngozi za wanyama waliochinjwa Idi zikakusanywa na kuuzwa, na waliotoa zaidi wakatunukiwa nishani. Waislamu wa India walichangia kwa wingi, na magazeti yao yaliibeba kazi hiyo kama ibada. Linganisheni na reli iliyokuwa ikijengwa wakati uleule kwetu, kutoka Mombasa kwenda Kisumu, ambayo ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Ile ililipiwa na serikali ya Uingereza kwa malengo ya Uingereza, na hakuna mzee wa Lamu aliyeombwa mchango wala maoni.

Mhandisi mkuu wa reli ya Hijazi alikuwa Mjerumani, Heinrich August Meissner, na wafanyakazi wengi walikuwa askari wa jeshi la Uthmani. Njia ilikuwa na upana wa milimita 1,050, tofauti kidogo na ile ya Mombasa yenye milimita 1,000. Mataruma mengi yalikuwa ya chuma, kwa kuwa jangwani mbao ni adimu na mpita njia mwenye baridi usiku hawezi kulaumiwa akiikata ili apate kuni. Stesheni ndogo za njiani zilijengwa kama ngome, kwa mawe mazito na madirisha membamba, moja kila baada ya kilomita ishirini hivi, na nyingi zilikuwa na kisima au birika. Ukiziona picha zake utafahamu mara moja kwamba wajenzi walitarajia kushambuliwa.

Reli ilifika Maan mwaka 1904, Tabuk mwaka 1906 na Al-Ula mwaka 1907. Kutoka Al-Ula kwenda kusini wahandisi wasiokuwa Waislamu walibaki nyuma, na kazi ikamaliziwa na Waislamu peke yao, wengi wao wahandisi vijana wa dola hiyo ambao hadi wakati huo walikuwa wakifanya kazi chini ya wageni. Treni ya kwanza iliingia Madina mwishoni mwa Agosti 1908, na sherehe rasmi zikafanywa tarehe 1 Septemba, zikipangwa ziambatane na kumbukumbu ya kutawazwa kwa sultani. Kutoka Damascus hadi pale ni takriban kilomita 1,300. Msafara wa ngamia ulichukua siku kama arubaini, ilhali treni ilichukua siku tatu au nne. Kwa hujaji wa Sham (Syria na jirani zake), wa Uturuki na hata wa nchi za Urusi, mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko ninavyoweza kuyaeleza, kwa maana katika zile siku arubaini watu walikufa kwa kiu, kwa maradhi na kwa kuvamiwa, na kila familia iliyomuaga mtu wake ilimuaga kama asiyerudi.

Sasa tumtazame hujaji wa Lamu wa mwaka huohuo. Yeye hakuja kutoka kaskazini. Aliondoka kwa jahazi au kwa meli ya moshi, akapitia Aden, akaingia Bahari ya Shamu kwa mlango wa Bab el-Mandeb, na kabla ya kuiona Jidda alishushwa katika kisiwa cha Kamaran kwa karantini, kwani mahujaji wa njia ya kusini walizuiliwa pale kwa hofu ya kipindupindu. Baada ya Jidda na Makka, safari ya kwenda kumzuru Mtume ilikuwa ni ngamia tena, siku kumi hadi kumi na mbili, katika njia iliyojulikana kwa hatari zake. Alipofika Madina aliikuta stesheni mpya inang'ara, na treni ikiondoka kuelekea kaskazini, upande usio wa kwao.

Nitaendelea baadaye kuhusu jengo lenyewe. Mwenye swali aulize.

Mchangiaji wa Mkomani

Ami, shukrani kwa kutufungulia mlango huu. Naomba unifafanulie jambo moja. Ikiwa fedha na nguvu zilipatikana za kuvuka kilomita 1,300 za jangwa, kilichoshinda kumalizia kilomita mia nne na hamsini hivi hadi Makka ni nini? Nimewahi kusikia kwamba ni Vita Vikuu vya mwaka 1914 vilivyokatiza kazi.

Mleta uzi (Lamu)

Mwanangu, vita vilikuja miaka sita baada ya treni kufika Madina, na miaka sita ilitosha. Mwenye nia alikuwa na muda. Kilichozuia ni watu, na hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana vitabu vingi hupita mbio.

Njia kati ya Makka na Madina ilikuwa riziki ya makabila ya Mabedui, hasa Harb. Wao ndio waliokodisha ngamia, wao ndio walioongoza misafara, wao ndio waliolinda visima, na dola yenyewe iliwalipa kila mwaka ili mahujaji wapite salama. Treni ingefuta yote hayo kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1908, reli ilipokuwa inaikaribia Madina, makabila yalianza kuwashambulia wajenzi, na wala hawakuwa wakificha sababu yao. Amiri wa Makka naye hakuipenda reli. Sharif Hussein, aliyeteuliwa mwishoni mwa mwaka huohuo, alijua vizuri kwamba siku reli itakapofika mlangoni kwake, askari wa Istanbul watafika nayo, na uhuru wake mdogo wa kutawala Hijazi utakuwa umekwisha. Wakati huohuo sultani aliyekuwa roho ya mradi alilazimishwa kurejesha katiba mwezi wa Julai 1908, kisha akaondolewa madarakani mwezi wa Aprili 1909. Waliomrithi walitaka kuiendeleza njia hadi Makka na walilijadili jambo hilo zaidi ya mara moja, lakini hawakufaulu kuushinda upinzani wa Hijazi.

Wapo wanaowaita Mabedui wale wajinga waliokataa maendeleo, nami siwezi kuikubali hukumu hiyo. Mtu anayenyang'anywa kazi ya babu zake bila kupewa nyingine hajawa mjinga kwa kukataa. Sisi wa Lamu tunalijua hili bila kufundishwa: bandari mpya ilipoanza kujengwa upande wa Kililana, wavuvi walipoteza maeneo yao ya kuvulia, wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Harb hawakuwa na mahakama ya kuiendea. Laiti Istanbul ingewapa hisa katika mapato, au ajira ya kudumu ya kuilinda na kuihudumia njia, nadhani historia ya stesheni ya Madina ingekuwa nyingine kabisa.

Mchangiaji wa Malindi

Sheikh wangu, umeandika vyema, lakini ruhusa nikupinge kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa historia, na nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba reli ya Hijazi ilikuwa mradi wa kijeshi uliovishwa joho la hija. Sultani alitaka kupeleka askari Hijazi na Yemen. Tukiifanya kuwa hadithi ya mahujaji peke yake, hatuwatendei haki wasomaji.

Mleta uzi (Lamu)

Bi mwalimu, hoja yako nzito na naipokea kwa sehemu kubwa. Ni kweli kwamba askari wa Uthmani waliokwenda kuzima maasi ya Yemen walilazimika kupita Mfereji wa Suez, uliokuwa mikononi mwa Waingereza tangu walipoikalia Misri mwaka 1882, na hakuna mtawala anayefurahia kuomba njia kwa hasimu wake. Ni kweli pia kwamba stesheni zilizo kama ngome hazijengwi kwa ajili ya mahujaji tu. Hata hivyo, mwanamke wa Lahore aliyetoa senti zake hakuchangia kikosi cha Yemen, bali alichangia njia ya kumfikisha mja kwa Mtume wake. Nia ya mwenye kutoa haifutwi na hesabu za mwenye kupokea, na kwa sababu hiyo Waislamu wengi walishikilia baadaye kwamba reli ile ni wakfu. Mwaka 1923, katika mazungumzo ya Lausanne, Uingereza na Ufaransa zenyewe zilikiri tabia yake ya kidini, ingawa kila mmoja alibaki ameshikilia kipande kilichokuwa katika nchi aliyoitawala.

Upande wa kijeshi ndio ulioiua. Mwezi wa Juni 1916 uasi wa Waarabu ulianza hapohapo pembeni mwa Madina, ukiongozwa na Ali na Faisal, wana wa Sharif Hussein. Mji haukuanguka. Kamanda wake, Fakhri Pasha, aliushikilia kwa ukaidi wa kustaajabisha, na uzi pekee uliomuunganisha na dunia ulikuwa ni reli inayoishia katika stesheni tunayoizungumzia. Waasi, wakisaidiwa na maofisa wa Uingereza, akiwamo T. E. Lawrence, waliilipua njia mara nyingi katika mwaka 1917 na 1918, nao Waturuki wakawa wanaitengeneza, mpaka kipande cha kusini kikashindikana kutengenezwa tena.

Katika miaka hiyo stesheni iliona mambo mawili ambayo watu wa Madina hawajayasahau. La kwanza ni kuondolewa kwa hazina za Msikiti wa Mtume, zilizopakiwa katika treni mwaka 1917 na kupelekwa Istanbul. La pili ni Safar Barlik. Fakhri Pasha, alipoona chakula hakitoshi, aliwaondoa wakazi kwa treni, wengi wao wakipelekwa Sham. Familia zilitenganishwa, watu walipakiwa na walichoweza kukibeba, na mji uliokuwa na uhai ukabaki na askari na wenyeji wachache. Treni iliyochangiwa ili iwalete watu kwa Mtume ikawa inawatoa watu wa mji wa Mtume majumbani mwao. Dola ya Uthmani ilitia saini kusimamisha vita tarehe 30 Oktoba 1918, lakini Fakhri Pasha alikataa kujisalimisha, na ni maofisa wake mwenyewe waliomkamata mwezi wa Januari 1919.

Baada ya hapo treni chache zilijaribu kufika Madina katika miaka ya mwanzo ya 1920, kisha kimya. Mji ulijisalimisha kwa Ibn Saud mwezi wa Desemba 1925, magari yakaanza kuwabeba mahujaji, na reli ikakosa mwenye kuihitaji kwa haraka. Kongamano la Waislamu lililofanyika Jerusalem mwaka 1931 lilidai ifufuliwe. Katika miaka ya 1960 kazi ya kuijenga upya ilianza kweli, ikakatizwa na vita vya mwaka 1967. Ndani ya muda huo wote watu wa jangwani walizing'oa reli na mataruma kidogo kidogo, wakazitumia kuezekea nyumba zao, kama ambavyo sisi tungetumia boriti.

Mchangiaji wa Shela

Maalim, naomba nami niulize la mtu wa kawaida. Inshallah mwezi wa Rajab tunasafiri na mama yangu kwenda umra. Je, stesheni hiyo inatembeleka? Na hii treni ya sasa ya kutoka Makka inatua hapo?

Mleta uzi (Lamu)

Mwanangu, Mwenyezi Mungu awafikishe salama, na mnikumbuke kwa dua. Stesheni ipo, imetengenezwa na kufanywa makumbusho. Nitakueleza cha kutazama, maana mtu akiingia bila kujua huishia kupiga picha ya kichwa cha treni na kuondoka.

Kwanza usimame nje ulitazame jengo kuu. Ni refu, la orofa mbili, la mawe ya kijivu yenye kuelekea weusi, na upande wa mbele una safu ya matao. Madina imezungukwa na nyanda za mawe ya volkano, kwa hiyo rangi ile ni ya ardhi yenyewe. Hili halikujengwa kama ngome za njiani. Hapa msafiri alikuwa amefika, na waliolijenga walitaka alijue hilo kabla hajashuka. Halafu uvuke uende Msikiti wa Anbariya, ambao wengine huuita Hamidiya kwa jina la sultani aliyeamuru ujengwe wakati wa reli. Ni wa mawe meusi hayohayo, una minara miwili myembamba ya mtindo wa Istanbul, na ulikuwa msikiti wa kwanza ambao hujaji aliyeshuka kwenye treni aliuona.

Kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kimo ndani ya uwanja wa stesheni, na ni kidogo kiasi kwamba wengi hawakioni: Msikiti wa Suqya, wenye kuba tatu nyeupe za chini. Imepokewa kwamba hapo ndipo Mtume (s.a.w.) alipowakagua watu wake na kuswali alipokuwa akitoka kwenda Badr, na akawaombea baraka watu wa Madina. Wahandisi walipoleta karakana zao, matangi ya maji na njia za kupangia mabehewa, ule msikiti mdogo walikuwa nao katikati ya kazi yao, na haukubomolewa. Mpeleke mama pale kabla ya kumwonyesha mabehewa. Katika karakana utaviona vichwa vya treni vya mvuke na mabehewa yaliyohifadhiwa. Inama utazame na mataruma ya chuma, uone jinsi yalivyokunjwa kingo zake ili yashike mchanga.

Swali lako la pili ndilo linalonirudisha kwenye hoja yangu. Treni ya Haramain haitui hapo. Ina stesheni yake mpya upande wa mashariki wa mji. Ilizinduliwa tarehe 25 Septemba 2018, ikaanza kubeba abiria tarehe 11 Oktoba, na inaunganisha Makka, Jidda na Madina kwa njia ya takriban kilomita 450, kwa mwendo unaofika kilomita 300 kwa saa. Hiki ndicho kipande kilekile ambacho reli ya Hijazi haikukijenga. Wewe na mama mtatoka Makka asubuhi na adhuhuri mtaswali Madina, wakati hujaji wa Lamu wa mwaka 1908 alihesabu usiku kumi na zaidi juu ya ngamia, akiwalipa walinzi wa njia kila walipomtaka.

Mchangiaji wa Mkomani

Ami, basi kwa hoja yako, nasi tuangalie itapita wapi reli ya LAPSSET, ule mradi wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, na reli ya kwenda Isiolo hatujaiona hata taruma moja.

Mleta uzi (Lamu)

Umeniwahi, mwanangu. Mradi ule ulizinduliwa hapa mwezi wa Machi 2012 mbele ya marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia, na reli ilikuwa mojawapo ya ahadi zake kuu. Ninachokiona katika mfano wa Madina ni kwamba swali la kuuliza mapema si lini treni itafika. Tuulize njia inamtumikia nani, inaishia wapi, na mwenye punda, mwenye mashua na hamali wa gatini wamewekwa katika kifungu gani cha mpango. Hayo yanaulizwa kabla ya jiwe la msingi, kwa maandishi, na majibu yake yanahifadhiwa.

Mwisho nina ombi kwa wote, wa Lamu, Malindi, Siyu, Pate na Faza. Upande wa kaskazini wa reli hii umeandikwa vya kutosha, lakini safari za mahujaji wetu kabla ya ndege zimebaki katika masanduku ya nyumbani. Mwenye barua ya babu yake aliyehiji kwa jahazi, karatasi ya karantini ya Kamaran, risiti ya kukodi ngamia au pasi ya zamani, aipige picha iliyo wazi pande zote mbili, afunike majina ya watu walio hai, na aiweke hapa pamoja na mwaka wa safari kama unajulikana. Mimi nitaanza kuzipanga kwa miaka ijumaa hii.